Kiwimbi Juu ya Herufi: Historia ya Tahajia Meru na Embu

Lugha za mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya zina irabu saba, ilhali alfabeti waliyoileta wamisionari ina herufi tano tu za irabu. Sehemu kubwa ya utata wa tahajia uliowahi kuonekana Meru na Embu, tangu vitabu vya kwanza vya katekisimu hadi tangazo la mazishi linalosambazwa leo kwa simu, chanzo chake ni hizo irabu mbili zilizokosa herufi. Moja husikika kati ya i na e, nyingine kati ya u na o. Mwenyeji hazichanganyi anapozungumza, hata akiwa mtoto mdogo. Zilianza kuchanganywa siku kalamu ilipoingia.

Kabla ya hapo hapakuwa na haja ya kuziandika. Sheria za Wameru zilikaa vichwani mwa wazee wa baraza la Njuri Ncheke, na mzee aliyekosea neno alisahihishwa papo hapo na wenzake barazani. Wala Kimeru hakikuwa, na bado si, lugha ya namna moja. Waimenti, Watigania, Waigembe, Wamwimbi, Wamuthambi, Wachuka na Watharaka wanaelewana kwa viwango tofauti, na kila kundi lina matamshi yake. Kusini ya mto Thuci wako Waembu na Wambeere, ambao usemi wao uko karibu zaidi na Kikuyu bila kuwa Kikuyu. Serikali ya kikoloni iliweka kituo Embu mwaka 1906. Meru ilifuata mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Makarani wa vituo hivyo waliandika majina ya watu na mahali kama walivyoyasikia kwa masikio ya Kiingereza au ya Kiswahili cha pwani, na mengi ya waliyoyaandika ndiyo yaliyomo kwenye ramani hadi leo.

Kazi ya kuandika lugha yenyewe ilifanywa na misheni, na misheni hazikuwa na sauti moja. Kanisa la Anglikana, kupitia shirika la CMS, lilifungua kituo cha Kigari karibu na Embu mwaka 1910 chini ya Dkt. T. W. W. Crawford. Wakatoliki wa shirika la Consolata, Waitaliano, walifika Mujwa mwaka 1911. Wamethodisti walianza Kaaga mwaka 1912. Mwaka 1922 Dkt. Archibald Irvine wa Misheni ya Skotlandi alipiga kambi Chogoria, katika nchi ya Wamwimbi. Hivyo katika muda wa miaka kumi na miwili eneo moja lilikuwa limegawanywa kati ya Waingereza wa aina mbili, Waskoti na Waitaliano, na kila kundi lilikuwa na shule zake, vitabu vyake na mazoea yake ya kusikia sauti.

Mfano wao mkuu ulitoka upande wa pili wa mlima. Lugha ya Kikuyu ilikuwa imetangulia kuandikwa. Sarufi ya Arthur Barlow wa Misheni ya Skotlandi ilitoka mwaka 1914, na Agano Jipya la Kikuyu likachapishwa mwaka 1926. Kikuyu nacho kina irabu saba, na suluhisho lililokita mizizi huko lilikuwa kuweka kiwimbi kidogo juu ya i na u ili kupata ĩ na ũ. Ni suluhisho la busara. Halihitaji herufi mpya kabisa, na mtu anayejua kusoma Kiswahili anaweza kulizoea kwa muda mfupi. Kasoro yake ni kwamba kiwimbi kinaonekana kama pambo, na pambo ndilo la kwanza kuachwa mtu anapokuwa na haraka.

Embu haikupewa hata nafasi ya kujiandikia. CMS na Waskoti walikuwa tayari na vitabu vya Kikuyu, kwa hiyo Waembu walifundishwa kusoma na kusali kwa Kikuyu, na Chogoria vilevile ikaanza kwa vitabu hivyohivyo. Kwa mtawala na kwa mchapishaji jambo hilo lilipunguza gharama. Kwa mtoto wa darasa la kwanza lilikuwa na tatizo moja linaloonekana wazi kwenye ramani mpaka leo. Kiembu na Kimbeere zina sauti ya v pale ambapo Kikuyu kina h, na alfabeti ya Kikuyu haina v kabisa. Majina ya Mavuria, Evurore na Kavutiri yasingeweza kuandikwa kwa herufi zilizokuwa kwenye kitabu cha mtoto. Alijifunza kwamba usahihi wa kuandika ni kuandika kama jirani. Yale ya nyumbani kwao yalibaki ya kusemwa tu. Funzo hilo lilidumu muda mrefu kuliko vitabu vyenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 London iliingilia kati. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilitoa mwongozo wa kuandika lugha zote za bara kwa mpango mmoja. Badala ya alama juu ya herufi, ulipendekeza herufi mpya kama ɛ na ɔ kwa irabu zilizo wazi, huku e na o za kawaida zikichukua nafasi ya ĩ na ũ. Kwa mpango huo Gĩkũyũ ingeandikwa Gekoyo. Wataalamu wa fonetiki waliona faida yake. Wasomaji wa Kikuyu waliona jina lao limegeuzwa, na upinzani ukawa mkali kiasi cha kuufanya mwongozo huo ushindwe kushika. Kiwimbi kikabaki upande wa Kikuyu, na Embu, iliyokuwa ikisoma vitabu vya Kikuyu, ikabaki nacho bila kuulizwa.

Miaka hiyohiyo Kiswahili nacho kilikuwa kinasanifishwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliridhia Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kupitisha vitabu na kusawazisha tahajia. Kiswahili kilipata kitu ambacho Kimeru na Kiembu havijakipata hadi sasa: chombo kimoja chenye mamlaka ya kusema hivi ni sahihi na hivi si sahihi. Inafaa kumkumbuka hapa H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyehudumu Meru katika miaka ya 1930 na kuifanya serikali itambue Njuri Ncheke. Baadaye aligeukia lahaja za Kiswahili za pwani, na katika miaka ya 1950 akatoa vijitabu juu ya Kivumba, Chichifundi na Kijomvu. Alizijua pande zote mbili, lugha iliyokuwa na kamati na ile isiyokuwa nayo.

Kimeru kilipata maandishi yake makubwa polepole. Agano Jipya lilitoka mwaka 1952 na Biblia nzima mwaka 1964. Mwaka huo wa 1964 duka la vitabu la Wakatoliki la Meru lilitoa kamusi ya Kimeru ya padri B. Giorgis, ambaye kwa uungwana aliiita ya majaribio. Vitabu hivi viliegemea usemi wa Imenti, kwa sababu Kaaga, Mujwa na mji wenyewe wa Meru viko Imenti. Mtigania na Mwigembe wakajikuta mahali alipokuwa Mwembu mbele ya Kikuyu: kusoma sawasawa kulikuwa kusoma kwa matamshi ya mtu mwingine. Watharaka ndio walioamua kwenda njia yao. Wakishirikiana na shirika la kutafsiri Biblia la BTL, walipata Agano Jipya la Kitharaka mwaka 2001, na katika maandishi yao irabu zile mbili hazivai kiwimbi bali kofia: î na û. Kofia imeenea pia katika Kimeru. Matokeo yake ni kwamba jina la lugha lenyewe linaonekana kwa sura kadhaa, Kimeru, Kĩmĩrũ, Kimîîru, na kila moja ina watetezi wake.

Kanisa na shule zilibishania vitabu, lakini mwananchi wa kawaida alikutana na tahajia kwenye ofisi ya serikali. Kipande, cheti cha utambulisho cha wakati wa ukoloni, kilipoanza kutolewa kwa wanaume mwishoni mwa miaka ya 1910, jina la mtu likawa kitu kilichoandikwa na mwingine. Kwa Wameru mtihani ulikuwa ile M yenye ritifaa. Majina kama M'Inoti na M'Imanyara huanza na M inayosimama peke yake mbele ya irabu au konsonanti, na ritifaa ndiyo inayomwonyesha msomaji namna ya kuitamka. Karani mmoja aliiweka, wa pili akaiacha, wa tatu akaiunganisha na kuandika Minoti. Ndugu wa tumbo moja wakawa na majina matatu. Wakati wa kupimiwa ardhi na kuandikishwa hati miliki, kazi iliyoanza kwa nguvu katika miaka ya 1950 na kuendelea baada ya uhuru, tofauti hizo ziliingia kwenye rejista, na hadi leo mrithi ambaye jina la baba yake kwenye hati halifanani na lile la kitambulisho hulazimika kuapa mbele ya wakili kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Majina ya mahali yana historia hiyohiyo. Ĩ ileile moja iliandikwa i katika Kirinyaga na e katika Kerugoya, wilaya na mji vilivyokuwa sehemu ya Embu hadi mwaka 1963. Milima ya kaskazini ya Meru inaitwa Nyambene katika waraka mmoja na Nyambeni katika mwingine. Mbere ya ramani za kale ni Mbeere ya wilaya iliyoundwa mwaka 1996. Herufi c, ambayo katika alfabeti ya misheni inatosha peke yake, ilifanywa ch na serikali kwa kufuata Kiswahili na Kiingereza, ndiyo maana kuna Cuka na Chuka, Thuci na Thuchi, Njuri Nceke na Njuri Ncheke. Katiba ya mwaka 2010 inaandika Tharaka-Nithi kwa kistari; mabango mengi ya barabarani hayana habari nacho. Haya yanaweza kuonekana madogo hadi mtafiti anapotafuta jina la mto kwenye hifadhi ya kidijitali na kupata nusu ya nyaraka, kwa sababu nusu nyingine imeandikwa kwa herufi moja zaidi.

Shuleni mizani iliinamia lugha nyingine. Baada ya uhuru Taasisi ya Elimu ya Kenya ilitoa vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, vikiwemo vya Kimeru, kwa madarasa ya chini. Idara ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa mwaka 1979, iliwafundisha wazee kusoma kwa lugha ya mama katika madarasa ambayo vijijini yaliitwa gumbaru. Lakini mtihani ndio uliotawala. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye karatasi ya lugha na ya insha, na mwalimu wa Meru au Embu akaanza kuhesabu makosa kwa kalamu nyekundu. Makosa yenyewe yalikuwa na mpangilio. Mtoto asiye na l katika lugha ya mama aliandika kurara na chakura. Asiye na s aliandika thukari. Kiambishi cha mazoea cha lugha za bara kikapenya na kuzaa naendanga na wanasemanga. La kushangaza zaidi ni upatanisho wa ngeli. Kimeru na Kiembu zina ngeli kamili na hakuna mzee anayezivuruga, ila mjukuu wake huandika kitu yangu na watoto mbili bila kusita. Sababu haiko kwenye lugha ya mama. Kiswahili alichokisikia sokoni, kwenye matatu na redioni kilikuwa kimekwisha kupunguzwa ngeli kabla hakijamfikia.

Kuhusu ĩ na ũ, mashine ya taipu ilikuwa imeshatoa hukumu. Kinanda cha Kiingereza hakina kiwimbi kinachokaa juu ya i, kwa hiyo mpigaji taipu aliyejali alirudi na kalamu ya wino na kuchora viwimbi kimoja kimoja baada ya kutoa karatasi. Asiyejali aliacha. Barua za kanisa, kumbukumbu za vyama vya ushirika vya kahawa na miswada ya historia za mbari zikawa na irabu tano tu.

Simu ya mkononi ilikuja na hesabu kali zaidi. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160, lakini ni herufi za orodha iliyopangwa Ulaya. Orodha hiyo ina ñ ya Kihispania na ø ya Kidenmaki. Haina ĩ wala ũ, na haina hata î na û. Ukiweka herufi moja tu isiyokuwemo, ujumbe wote unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Mmeru aliyeandika lugha yake kwa usahihi katika miaka ambayo kila ujumbe ulilipiwa alitozwa mara mbili au tatu ya yule aliyeiandika vibaya. Hakuna mwalimu anayeweza kushindana na bei ya namna hiyo.

Vijana walizidi kuibana nafasi. Katika Kiswahili cha simu sijui ikawa cjui, mtu akawa m2 na tunakuja ikawa 2nakuja, kwa kutumia majina ya Kiingereza ya herufi na tarakimu. Baadaye, nafasi ilipokuwa haina thamani tena, ikaja xaxa badala ya sasa, ambayo haipunguzi hata herufi moja. Huo ulikuwa mtindo, alama ya rika, na umepitwa na wakati kama mitindo mingine. Kinachobaki ni mazoea ya kuandika c bila kujua ni sauti gani: kwenye Kimeru ni ch, kwenye Kikuyu iko karibu na sh, na kwenye simu ya kijana ni si. Mchanganyiko huo unaweza kukutwa ndani ya sentensi moja.

Kwa upande wa kompyuta zenyewe, kizuizi kiliondoka mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Unicode, mpango wa kimataifa wa kuipa kila herufi ya dunia namba yake, ulikuwa na ĩ na ũ tangu toleo la kwanza la mwaka 1991. Haikuwa kwa ajili ya Mlima Kenya. Kivietinamu kinazitumia herufi hizohizo. Kofia za î na û zilikuwa na bahati zaidi bado, kwa kuwa Kifaransa kinazihitaji na kompyuta za kawaida zilizijua zamani, na ni rahisi kuelewa kwa nini waandishi wengi wa Kimeru waliziona zinafaa. Lakini hata leo ĩ inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili, ama kama herufi moja kamili, ama kama i ikifuatwa na alama inayobandikwa juu yake. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa programu isiyosawazisha ni maneno mawili tofauti, na utafutaji unaweza kupata moja ukaikosa nyingine.

Mwaka 2010 Kimeru na Kiembu ziliingia katika hazina ya kimataifa ya taarifa za lugha, CLDR, ambayo simu na kompyuta hutumia kuandika tarehe na siku. Ilikuwa hatua kubwa: lugha hizi zilitambuliwa ndani ya mashine zinazouzwa dunia nzima. Ukiifungua orodha ya Kiembu kwa makini unaona historia yote ya eneo hili imejikunja humo. Miezi imeandikwa kwa viwimbi, siku hazina. Mwezi wa pili ni kaĩri, wa kumi na mbili unaishia na Kaĩrĩ, yenye herufi kubwa na kiwimbi cha ziada. Jumamosi iliingizwa kama NJumamothii, herufi mbili kubwa zikifuatana mwanzoni, bila shaka kwa kidole kilichochelewa kuachia kitufe. Karani wa kipande aliharibu jina la mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kosa la orodha kama hii hunakiliwa katika kila kifaa kinachoitumia.

Ndiyo sababu usahihi una uzito mkubwa zaidi mtandaoni kuliko ulivyokuwa kwenye karatasi. Programu za kusahihisha maneno, kutafsiri na kusoma kwa sauti hujifunza kutokana na kile ambacho watu wameandika, na walichoandika Wameru na Waembu kwa wingi ni irabu tano, ritifaa zilizodondoka na tahajia tatu za neno moja. Fomu za mtandaoni nazo zimerudisha tatizo la M yenye ritifaa. Katika lugha nyingi za hifadhidata ritifaa ni alama ya kufunga maandishi, na mfumo uliotengenezwa kwa uzembe huikataa au huifuta, na mwombaji wa kazi hujikuta ana jina moja kwenye cheti na jingine kwenye fomu. Kosa si lake, lakini maelezo yanadaiwa kwake.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, inaitaka serikali ikuze lugha za asili, na mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umezirudisha katika madarasa ya kwanza. Vituo vya redio kama Muuga FM na Wimwaro FM vimethibitisha kwamba wasikilizaji wapo. Bado hakuna chombo ambacho Imenti, Igembe, Tharaka na Chuka wanakubali kiwaamulie kati ya kiwimbi na kofia, wala kinachosema Kiembu kiandikwe vipi bila kuazima kwa jirani. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji walimu, watafsiri wa makanisa, watangazaji na vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu wakae meza moja, waandike kanuni za kurasa chache, na kaunti tatu zikubali kuzitumia katika vitabu, mabango na rejista zao. Kiswahili kilifanyiwa hivyo karibu miaka mia moja iliyopita.